Kifuniko Kidogo cha Rejeta: Usikifungue Injini Ikiwa Moto

 

Mwezi uliopita tuliahidi kwamba safari hii tutaongea juu ya kutengeneza viti vya shule vilivyovunjika. Tunaomba mtuvumilie, viti vitangoja. Kuna jambo limetokea, na sisi walimu wa kujitolea tumeona tusilipite kimya, kwa sababu sehemu ya kosa ni yetu.

Mnamjua kijana mmoja aliyekuwa katika darasa letu mwaka jana. Jina lake tunaliacha, mama yake ametuomba hivyo. Alipomaliza na sisi, alienda kujifunza ufundi kwenye gereji ile ya chini ya mti, njia ya kwenda sokoni. Ni kijana mwenye bidii. Siku moja jioni gari ndogo ya abiria ilirudi kutoka Mbarara, injini imepata moto mpaka mshale wa joto umegusa alama nyekundu. Dereva akazima, akashuka, akaomba maji. Kijana akaambiwa, "Haya, fungua rejeta uongeze maji." Akachukua kitambaa chembamba, akashika kifuniko, akazungusha.

Maji hayakutoka kama maji ya kopo. Yaliruka juu kama chemchemi, yamechanganyika na mvuke. Yakamwagikia mkono wa kulia, shingo na upande mmoja wa kidevu. Tunamshukuru Mungu kwamba alikuwa amegeuza uso. Macho yake ni mazima.

Tulienda kumwona kwenye kituo cha afya. Tulifikiri tutamfariji, kumbe yeye ndiye alikuwa na neno la kutuambia. Alisema hivi: "Mwalimu, darasani mulituandikia maji inachemka kwa nyuzi mia moja. Na injini ilikuwa imezimwa. Sasa mbona maji iliruka vile?"

Tulinyamaza. Ni kweli tuliandika hivyo ubaoni: maji huchemka kwa nyuzi 100. Wanafunzi wakanakili, tukasahihisha, tukapita. Hatukuwaambia kwamba sentensi ile ina mambo mengine nyuma yake. Kwa hiyo makala ya mwezi huu ni jibu letu kwake, na kwa vijana wote wanaojifunza magari hapa kambini. Ni kwa ninyi wazazi pia, maana magari haya ndiyo yanatubebea wagonjwa usiku, mama wajawazito, na magunia ya maharage.

MAHARAGE YA MINEMBWE NA MAHARAGE YA UVIRA

Tuanze jikoni. Kati yetu wako waliotoka Uvira, kando ya ziwa Tanganyika, na wako waliotoka milima ya juu ya Minembwe. Waulizeni mama wa Minembwe: maharage kule yanachukua muda gani kuiva? Watawaambia ni kuni nyingi na subira nyingi. Mama wa Uvira atashangaa, yeye maharage yaleyale yanaiva mapema zaidi. Si uvivu wa moto. Ni hewa.

Hewa ina uzito, na inakandamiza maji ya sufuria kutoka juu. Maji yanapotaka kuchemka, lazima mvuke wake uishinde ile hewa inayokandamiza. Kule chini hewa ni nzito, kule juu milimani ni nyepesi. Kwa hiyo usawa wa bahari maji yanachemka kwa nyuzi 100, lakini kila ukipanda kama mita 300 unapunguza karibu nyuzi 1. Kwenye mita 2,000 maji yanachemka kwa nyuzi 93 hivi. Hapa kwetu Nakivale, ambako tuko juu ya mita 1,200, yanachemka kwa nyuzi 96 hivi. Maji ya milimani yanachemka mapema, lakini joto lake ni dogo, ndiyo maana maharage yanachelewa.

Sasa geuza habari hiyo. Kama kupunguza mkandamizo kunafanya maji yachemke mapema, basi kuongeza mkandamizo kunafanya yachelewe kuchemka. Mama akiweka mfuniko mzito na jiwe juu yake, mvuke unabanwa kidogo, na chakula kinaiva upesi kidogo. Mfaransa Denis Papin alitengeneza sufuria ya kufungwa kabisa mwaka 1679, yenye valvu ya kutoa mvuke ukizidi ili isipasuke. Kifuniko cha rejeta kinafanya kazi kwa akili hiyohiyo.

KIFUNIKO KINAFANYA NINI

Wengi wanafikiri kifuniko ni cha kuzuia maji yasimwagike tu, kama kizibo cha jerikani. Wengine kwetu Kongo wanakiita bushoni ya radiateri, na wanakitendea kama bushoni kweli. Hapana. Kile ni chombo chenye kazi tatu.

Kazi ya kwanza ni kubana presha. Ndani yake kuna springi kubwa inayosukuma mpira wa chini ukae sawasawa kwenye shingo ya rejeta. Maji yakipata moto yanavimba, yanasukuma, springi inakataa. Presha inapanda, na maji yanaweza kufika nyuzi 110 bila kuchemka. Kwa kifuniko chenye namba 0.9, hapa kwetu maji hayachemki mpaka karibu nyuzi 115. Injini inahitaji nafasi hiyo, hasa ikipanda kilima na mzigo.

Kazi ya pili ni kuachia. Presha ikizidi kipimo, springi inakubali, na maji kidogo yanatoka kupitia bomba dogo la pembeni kwenda kwenye chupa ya akiba. Gari ndogo inabeba lita 5 au 6 za maji. Kutoka baridi ya asubuhi mpaka joto la kazi, maji hayo yanaongezeka kama glasi moja. Glasi hiyo ndiyo inakwenda kwenye chupa.

Kazi ya tatu wengi hawaijui. Katikati ya kifuniko, upande wa ndani, kuna valvu ndogo kama kitufe. Injini ikipoa usiku, maji yanasinyaa na rejeta inavuta. Kitufe kile kinafunguka na glasi ile inarudi kutoka kwenye chupa. Asubuhi rejeta imejaa tena. Gari yenye kifuniko kizuri haiombi maji kila siku.

Sasa tumjibu kijana wetu. Maji ya gari ile yalikuwa na joto kupita nyuzi 100, lakini hayakuchemka kwa sababu yalibanwa. Kuzima injini hakuondoi joto. Chuma bado kina moto, na kwa dakika chache baada ya kuzima maji yanaweza hata kuzidi kupata joto, kwa sababu hayazunguki tena. Ulipofungua, presha iliondoka kwa mara moja. Maji yaliyokuwa yanangoja ruhusa ya kuchemka yakachemka yote pamoja, na sehemu yake ikageuka mvuke. Maji kidogo tu yakigeuka mvuke yanataka nafasi kubwa mno, ndiyo maana yaliruka na kusukuma mengine mbele yake. Hukukosea hesabu, ndugu yetu. Sisi ndio hatukukupa hesabu yote.

GARI ILE ILIKUWA NA NINI

Tulimtafuta dereva. Ni baba mtu mzima, hakujificha, na amemtembelea kijana mara tatu. Tukamwomba atuonyeshe kifuniko. Alikitoa mfukoni kimefungwa kwenye karatasi.

"Papa, huu mpira wa ndani mbona mnene hivi?" tukamuuliza.

"Ni wa tyubu ya pikipiki, mwalimu. Ule wa kwanza ulikuwa umekatika, maji inamwagika. Nikakata kipande cha tyubu, nikaweka. Maji ikaacha kumwagika. Nikasema, Mungu amesaidia."

Kumbe hapo ndipo taabu ilipoanzia. Kipande cha tyubu kilikuwa kinene kuliko mpira wa kiwanda, kwa hiyo springi ilikazwa kupita kipimo, haikuachia tena. Pia kilifunika kile kitufe cha katikati, maji ya chupa hayakuweza kurudi. Gari ikipata moto, presha inatafuta njia nyingine, inavujia kwenye maungio ya mipira. Gari ikipoa, rejeta inavuta na hakuna kinachoingia, mpira wa juu unanywea na kubanana kama chupa ya plastiki iliyofyonzwa. Dereva akafikiri mpira ndio mbovu. Akanunua mpira mpya. Kesho yake asubuhi na ule mpya umenywea. Akazidi kuongeza maji kila safari kwa miezi miwili, akichota mengine ziwani, yenye tope. Siku ile ya jioni maji yalikuwa yamepungua sana ndani, injini ikapata moto kupita kiasi.

Hatumsemi vibaya. Wakimbizi tumezoea kutengeneza kitu kwa kitu kingine, na akili hiyo imetuokoa mara nyingi. Kandambili tunashona kwa waya, baiskeli tunafunga kwa mpira. Lakini kuna vitu vyenye kipimo, kama dawa ya mtoto. Kifuniko cha rejeta ni kimojawapo. Na bei yake ni ndogo sana ukiweka karibu na bei ya gasketi ya silinda hedi, ambayo huungua injini ikipata moto kupita kiasi. Usiiweke kabisa karibu na bei ya ngozi ya mtoto.

DALILI ZA KIFUNIKO KILICHOCHOKA

Kijana wa gereji, au mzazi mwenye gari, angalia haya:

1. Gari inaomba maji kila siku au kila safari, na huoni mahali panapovuja.
2. Kuna utando mweupe, wa kijani au wa kutu kuzunguka shingo ya rejeta. Ni maji yaliyotoka yakakauka.
3. Asubuhi, injini ikiwa baridi, mpira wa juu wa rejeta umenywea.
4. Maji ya chupa ya akiba hayapandi gari ikiwa moto wala hayashuki ikipoa. Au chupa inajaa mpaka kumwagika na maji hayarudi.
5. Mshale wa joto unapanda upesi kwenye kilima, hata bila mzigo mkubwa.

Lakini tusidanganyane. Si kila joto la injini linatoka kwa kifuniko. Inaweza kuwa feni haizunguki, mkanda umelegea, themostati imekwama, wota pampu inavuja, au rejeta imeziba. Na ukiona mapovu yanatoka bila kukoma kwenye chupa, moshi mweupe mwingi unaotoka nyuma hata injini ikishapata moto, au oili imegeuka kama chai ya maziwa, hiyo inaweza kuwa gasketi ya hedi. Hapo kubadilisha kifuniko peke yake hakutasaidia. Mwite fundi mkubwa.

JINSI YA KUKIKAGUA

Kwanza kabisa, injini iwe baridi. Siyo "imepoa kidogo". Ngoja saa moja au zaidi, na kazi hii ni bora kuifanya asubuhi kabla ya safari ya kwanza. Gusa mpira mnene wa juu wa rejeta. Kama bado una moto, au ukiubinya unakuwa mgumu kama gurudumu la baiskeli, presha bado iko. Acha. Nenda ukanywe chai.

Ikiwa ni baridi, fuata hatua hizi:

1. Weka kitambaa kinene kilichokunjwa juu ya kifuniko, simama pembeni, uso uwe mbali. Fanya hivi hata kama una hakika ni baridi, ili mkono uzoee.
2. Zungusha kwenda kushoto bila kukandamiza, mpaka kikwame kwenye kituo cha kwanza. Ukisikia "sssss", simama hapohapo. Usikazane. Kirudishe kulia na ungoje zaidi.
3. Kukiwa kimya, kandamiza chini na uzungushe tena, kitatoka.
4. Kioshe kwa maji safi na mswaki laini wa zamani. Usitumie petroli wala brashi ya waya.
5. Angalia mipira. Uko wa chini, unaokaa ndani ya shingo, na uko wa juu, chini ya bati la kifuniko. Wa chini unashika presha. Wa juu unazuia hewa isiingie wakati rejeta inavuta maji ya chupa. Mmoja ukiwa umepasuka, umekuwa mgumu au umebaki na alama ya kuzama, kifuniko hicho kimekwisha.
6. Kandamiza springi kwa kidole gumba. Inapaswa kukataa kwa nguvu na kurudi sawasawa. Ikiwa laini, imelala upande au ina kutu, kimekwisha.
7. Vuta kitufe cha katikati kwa ukucha. Kinapaswa kufunguka na kurudi chenyewe. Kikikwama hata baada ya kuosha, kimekwisha.
8. Pitisha kidole kwenye shingo ya rejeta. Pakiwa na uchafu, futa. Pakiwa pamepinda au pana pengo, hata kifuniko kipya kitavuja.
9. Angalia lile bomba dogo linalokwenda kwenye chupa. Likiwa limepasuka, rejeta itavuta hewa badala ya maji.

Usipake grisi wala oili kwenye mipira hiyo. Mafuta ya namna hiyo yanaivimbisha na kuiharibu. Na tyubu, jamani, tumekwisha kusema.

Gereji kubwa za mjini zina pampu ndogo ya kupima kifuniko kinashika presha kiasi gani. Ukipata nafasi ya kwenda Mbarara, omba wakupimie. Macho yanaona mpira uliokatika, lakini springi iliyochoka kidogo pampu ndiyo inaiona.

KUNUNUA KIPYA

Beba kifuniko cha zamani dukani. Usiende na maneno matupu ya "nipe cha gari ndogo".

Angalia namba iliyoandikwa juu. Magari mengi ya Kijapani yana 0.9 au 1.1. Maana yake ni kama kilo 0.9 au kilo 1.1 za msukumo kwa kila sentimita moja ya mraba. Vingine vimeandikwa 88 au 108 pamoja na herufi kPa, au 13 au 16 pamoja na psi. Ni vipimo vya lugha tofauti, lakini 0.9, 88 na 13 zinakaribiana sana. Vilevile 1.1, 108 na 16.

Namba iwe ile inayotakiwa na gari. Kama kitabu cha gari kipo, kifuate, maana huenda aliyetangulia aliweka kifuniko kisicho chake. Kuna watu wanasema, "Weka cha namba kubwa, kina nguvu zaidi." Huo ni ushauri mbaya. Namba kubwa kupita kiasi inapasua mipira ya zamani na matangi ya plastiki ya rejeta. Namba ndogo nayo inafanya maji yachemke mapema.

Kisha weka cha zamani na kipya meza moja, vichwa chini. Linganisha upana, na urefu wa kutoka bati mpaka mpira wa chini. Kikiwa kifupi hakitagusa shingo, kitavuja. Kikiwa kirefu kitakaza springi, yaleyale ya tyubu. Jaribu kitufe kwa ukucha palepale dukani. Ukishakifunga kwenye gari, hakikisha kimefika mwisho kabisa, masikio yake yameshika.

Magari mengine hayana kifuniko juu ya rejeta. Kifuniko chao chenye presha kiko kwenye chupa yenyewe, kinafungwa kwa kuzungusha kama cha jerikani. Msidanganyike na ile plastiki. Chupa hiyo nayo inabeba presha na inaunguza vilevile.

Kuhusu maji: ya ziwani yenye tope hapana. Tope na chumvi za maji zinaganda ndani ya rejeta na chini ya kifuniko. Bora kulanti inayofaa gari yako, iliyochanganywa kama kitabu kinavyosema. Inazuia kutu na inachelewesha kuchemka. Kama hakuna kabisa, tumia maji safi ya mvua uliyokinga na kuchuja, kwa muda tu, ukitafuta kulanti.

GARI IKIPATA MOTO NJIANI

Abiria, hii ni yenu pia. Mshale ukikaribia nyekundu, dereva azime kiyoyozi, atafute mahali salama pembeni na asimame. Azime injini. Watu washuke, watoto wakae mbali na mbele ya gari. Hakuna kufungua rejeta. Hakuna kumwaga maji baridi juu ya injini, chuma chenye moto kinaweza kupasuka. Ngojeni saa moja au zaidi, mpaka mpira wa juu ugusike bila kuunguza na uwe laini.

Tunajua ni vigumu kungoja. Mnarudi kutoka hospitali, giza linaingia, mtoto analia, na abiria mmoja anasema, "Dereva, fungua tu, tunachelewa." Tunawaomba, msimsukume dereva. Kama kuna mgonjwa, tafuteni boda au gari nyingine imtangulize. Na wenye gereji, tunawaomba kwa heshima: msimtume mwanafunzi kufungua rejeta ya moto. Ninyi wenyewe pia msiifungue.

MTU AKIUNGUA

Siku ile majirani walikuja mbio na dawa ya meno na unga. Walikuja kwa upendo, lakini vitu hivyo vinashika joto na uchafu kwenye kidonda. Wala mafuta, wala yai, wala asali. Fanya hivi:

Ondoa mtu kwenye hatari. Mwagia mahali palipoungua maji safi ya baridi ya kawaida, siyo ya barafu, kwa dakika 20. Bomba liko mbali? Jerikani moja ya lita 20, ukimimina pole pole lita moja kwa dakika, inatosha dakika zote 20. Mfunike mwili uliobaki asipate baridi, hasa mtoto. Vua pete, saa na nguo zilizolowa, isipokuwa zilizogandana na ngozi. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi bila kukaza, mpeleke kituo cha afya. Kama ni macho, yaoshe kwa maji safi mengi na mkimbilie kituoni hapohapo.

NENO KWA MAMA WENYE WATOTO WADOGO

Kulanti ina rangi nzuri, ya kijani, nyekundu au buluu, na nyingi ina ladha tamu. Mtoto ataiona kama soda. Lakini nyingi ni sumu kali, inaharibu figo na inaweza kuua hata ikinywewa kidogo. Baba akirudi nayo nyumbani, isiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Ibaki kwenye chupa yake, juu, mbali. Iliyotumika isimwagwe njiani ambako mbuzi na kuku wananywa. Mtoto akinywa, usingoje aonyeshe dalili. Mkimbize kituoni, na ubebe chupa uwaonyeshe.

TUNAMALIZIA

Kijana wetu anaendelea vizuri. Mkono bado umefungwa, lakini vidole vinakunjika, na ametuambia atarudi gereji. Mama yake hakupenda kusikia hivyo. Tulikaa naye, tukaongea. Mwisho akasema, "Arudi, lakini ajue anachoshika." Tumeona ni neno zuri kuliko yote tuliyoandika ubaoni mwaka jana.

Dereva amenunua kifuniko kipya chenye namba inayotakiwa, ameosha rejeta na kuweka kulanti. Anatuambia sasa ni wiki tatu, hajaongeza hata kikombe. Amekubali kuleta gari shuleni Jumamosi moja asubuhi, injini ikiwa baridi, ili wanafunzi waone yale tuliyoyaandika hapa. Kile kifuniko cha tyubu ametupa sisi. Kinakaa juu ya meza ya darasa, na ubaoni sasa tumeandika: maji huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari, mahali pasipobanwa.

Swali la watoto mwezi huu: kwa nini maji ya chupa ya akiba huwa juu gari ikirudi safari, na chini kesho yake asubuhi? Andikeni jibu kwenye karatasi, mtuletee darasani. Waulizeni wazazi, lakini mwandike wenyewe.

Mwezi ujao, tukijaliwa, ni viti vya shule. Kaeni kwa amani.

Sisi walimu wenu wa kujitolea.